Mtoto Mpaka Saa Saba

Siku uvumilivu uliponiishia nilikuwa na mtoto mgongoni, kitabu cha Fizikia kwapani na bisibisi kwenye mfuko wa sketi. Mwalimu wa Nidhamu alikuwa amesimama mbele ya gwaride, amevaa tai juu ya sweta. Siyo ndani ya sweta kama watu wengine. Juu, ili ionekane.

"Naomi," akasema. "Umechelewa."

"Nimechelewa, mwalimu, kwa sababu..."

"Usinieleze sababu, nieleze muda."

"Dakika kumi."

"Na huyo mgongoni ni nani? Kwenye daftari la mahudhurio simwoni."

Huyo mgongoni alikuwa Meshaki, mwanangu, ambaye mwalimu alikuwa anamfahamu vizuri tu. Wiki hiyohiyo Meshaki alikuwa amemtapikia begani. Mwalimu akageukia gwaride zima, akakohoa kidogo kama mtu anayetaka kutangaza msiba, akasema:

"Kalete mzazi."

Mtu mmoja nyuma yangu akasema "Yesu" kwa sauti ya chini. Meshaki akapiga chafya. Nikamwambia, "Mwalimu, mzazi ni mimi."

"Saa saba haijafika. Sasa hivi wewe ni mtoto. Mzazi aje saa nane. Asije kabla, asije baada. Na bila mzazi usionekane hapa."

Ndipo nikakitupa kile kitabu. Kiliruka vizuri, kikatua kwenye tope chini ya bomba. Nikamwambia huyo mzazi wake atamsubiri mpaka aote mizizi pale kwenye gwaride, nikageuka, nikatoka getini na mtoto wangu. Mpaka leo, na sasa hivi nafunga nyaya kwenye nyumba za watu na kulipwa, nikilikumbuka lile neno "kalete mzazi" damu inanichemka.

Naomba nieleze, maana mtu ambaye hakusoma pale atadhani mimi ndiye mwenye matatizo.

Chuo chetu kilikuwa chuo cha wananchi, kwenye miteremko ya Meru, sehemu ya migomba na kahawa ambako asubuhi ukipumua unaona pumzi yako inakutangulia. Mimi natoka Nduruma, bondeni kwenye vumbi na joto, kwa hiyo mwezi wa kwanza nilidhani naumwa, kumbe ni baridi tu. Wenye chuo walikuwa wanachuo watu wazima: maseremala, waashi, washonaji, wapishi. Halafu tukaongezwa sisi, wasichana tulioishia njiani kwenye sekondari, wengi wetu kwa sababu ya mimba. Tulipewa madarasa mawili nyuma ya karakana ya useremala. Asubuhi tunasoma masomo ya sekondari, miaka minne imebanwa ikawa miwili. Mchana tunaungana na wanachuo kujifunza ufundi. Ukimaliza unatoka na cheti cha kidato cha nne mkono huu na cheti cha ufundi mkono huu. Mimi nilichukua umeme wa majumbani.

Shida ni kwamba hakuna aliyejua sisi ni akina nani hasa. Mwanafunzi wa sekondari hana ruhusa ya simu, hana ruhusa ya kusuka rasta wala kutoka geti bila kibali. Mwanachuo anaruhusiwa vyote hivyo, na akitaka anafunga na ndoa. Walimu wengine walilikwepa hilo swali. Mwalimu wa Nidhamu alilijibu siku ya kwanza, kwa sura kavu kabisa:

"Asubuhi mpaka saa saba ninyi ni watoto. Kengele ya saa saba ikilia, ninyi ni watu wazima. Msinichanganyie."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Tukaja kuona kwamba hakuwa anatania.

Asubuhi alikuwa anatusubiri getini na ndoo ya plastiki. Simu zote ndani ya ndoo, na hotuba juu: simu ni shetani, simu ndiyo iliyowaleta hapa mnavyoona, simu haifundishi aljebra. Saa saba kengele ikilia alikuwa anatokea na ndoo ileile, anatugawia moja moja kwa mikono miwili. "Mama Meshaki, simu yako. Samahani kwa usumbufu, mama." Ni mdomo uleule. Asubuhi ulikuwa umeniita kichwa maji.

Mama Glori, rafiki yangu ambaye alikuwa na watoto wawili na alikuwa amekaribia umri wa mke wa mwalimu mwenyewe, ndiye aliyeteseka zaidi. Asubuhi alilazimika kusimama na kuimba "shikamoo mwalimu" pamoja na sisi, na kama sketi yake haikufika chini ya goti alipigishwa magoti palepale. Mchana mwalimu anakutana naye njiani, anavua kofia, "Habari za mchana, mama. Mzee hajambo nyumbani?" Siku moja Mama Glori akamuuliza, "Mwalimu, si ni wewe uliyenipigisha magoti asubuhi?" Akafikiri sana, akasema, "Nilimpigisha magoti Rehema. Wewe ni Mama Glori." Halafu akaendelea na safari yake.

Nisimseme kwa ubaya tu. Hakuwa anachapa. Alikuwa na fimbo, ila kazi yake ilikuwa kuonyeshea vitu na kumkinga na bata mzinga. Chuo kilifuga bata mzinga mmoja dume, mwekundu shingoni, mwenye hasira kama mimi, na huyo ndiye kiumbe pekee aliyemfanya Mwalimu wa Nidhamu abadilishe njia. Wachelewaji wote walijua hilo. Ukisimama karibu na bata mzinga, mwalimu anakuhoji kwa mbali, kwa kupaza sauti, na maswali yanakuwa mafupi. Siku moja dume hilo lilimfukuza mpaka stoo, akajifungia huko kipindi kizima cha Uraia, ambacho alitakiwa awe anatufundisha haki na wajibu wa raia. Alipotoka alisimama mbali, akalinyooshea fimbo na kulitamkia: "Hili ni onyo la kwanza." Tulisubiri onyo la pili miaka miwili.

Kuimba pia hakujua, na hakuna aliyeweza kumwambia. Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo wa taifa, na alikuwa anaanzia juu sana, hivi kwamba tukifika katikati gwaride zima limebaki kunong'ona na yeye peke yake yuko huko angani, macho amefumba, mishipa ya shingo imemtoka. Watoto waliokuwa migongoni walikuwa wanalia kila siku kwenye ubeti uleule.

Na hapo ndipo tunafika kwenye habari ya wapiga kelele. Kila shule ina orodha ya wapiga kelele. Kiongozi wa darasa anaandika majina, mwalimu anaadhibu. Mwalimu wa Nidhamu alituambia orodha haina ubaguzi, aliyepiga kelele aandikwe. Basi siku moja jina la kwanza kwenye orodha likawa Meshaki. Alikuwa hajatimiza hata mwaka. Mtu mwenye akili zake angecheka akalifuta. Yeye alimwita mbele. Ikabidi nimpeleke. Akampokea, akamsimamisha juu ya meza kwa kumshika kwapa, wakatazamana.

"Meshaki, umeandikwa kwa kelele. Unajitetea?"

Meshaki akaikamata tai, ile ya juu ya sweta, akaiingiza mdomoni.

"Amekiri," akasema mwalimu. "Adhabu yake ni kulala." Akaendelea na kipindi, chaki mkono mmoja, mtoto mkono mwingine, mpaka adhabu ikatekelezwa. Sisi tulisoma kuhusu mihimili ya dola kwa sauti ya kunong'ona, ili mfungwa asiamke.

Alikuwa na kauli yake nyingine ambayo nilikuwa naichukia kuliko zote. Akikuhoji, ukamjibu, anakuuliza tena jambo lilelile. Ukimwambia, mwalimu nimeshakujibu, anasema, "Sikuulizi kwa sababu sijui. Nakuuliza ili ujisikie." Nilijisikia mara nyingi mno na sikuona faida yake.

Sasa nirudi kwenye kuchelewa kwangu, maana ndiko kulikoniponza.

Chuo kilikuwa na chumba cha watoto, na mlezi mmoja mzuri sana aliyebaki nao tukiwa darasani. Bila chumba kile hakuna ambaye angesoma. Lakini ufunguo alikaa nao mtunza stoo, na mtunza stoo aliingia kazini saa mbili. Gwaride lilikuwa saa moja na nusu. Kwa hiyo kila asubuhi tulikuwa na nusu saa ambayo mtoto hana pa kwenda. Ukienda naye kwenye gwaride, ni kosa. Ukimwachia mwenzako nje ya mlango uliofungwa, yule mwenzako ndiye anayekosa gwaride. Tulipokezana, leo mimi, kesho Mama Glori, na hivyo kila siku kulikuwa na mama anayefyeka majani kwa adhabu. Tulienda kwa mkuu wa chuo, mwanaume mpole anayependa kuangalia dirishani, tukamweleza. Akasema, "Ninyi ni wanafunzi. Mwanafunzi hapangi ratiba." Halafu muhula wa mwisho akatangaza kwamba aliyezidisha kukosa gwaride jina lake halitapelekwa kwenye mtihani wa kidato cha nne. Jina langu lilikuwa linaning'inia tayari, na siku ile nilichelewa nikitafuta wa kumwachia Meshaki, nikamkosa.

Na mzazi ndiye huyo sikuwa naye. Baba alikuwepo, ila mara ya kwanza alipoitwa shule kwa ajili yangu nilikuwa kidato cha tatu. Mkuu wa shule ile alimkalisha, akamwambia binti yako ni mjamzito, hatuna nafasi yake. Baba akasema sawa. Hakuuliza hata swali moja. Akabeba tranka langu kichwani, mimi nyuma yake, tukarudi Nduruma. Nilipokuja kupata nafasi hii ya chuoni aliniambia: "Nenda. Lakini wakiniita tena, nakuja na tranka linarudi." Mama asingeweza kuja bila baba kujua. Kwa hiyo mtu akiniambia kalete mzazi, mimi nasikia: kafungashe.

Ndiyo maana nilitupa kitabu.

Nikatoka mpaka barabarani, pale kwenye vibanda, nikamwendea fundi viatu. Kila mwanafunzi wa ukanda ule alimjua fundi viatu, kwa sababu alikuwa anakubali kuwa baba wa mtu yeyote. Unampa chochote, anavaa koti, anaenda shuleni kwako, anatikisa kichwa kwa huzuni, anaahidi kukuchapa, anarudi kwenye viatu vyake.

"Nahitaji baba," nikamwambia. "Saa nane."

"Shule gani?"

"Hapo chuoni."

Akaweka sindano chini. "Kwa yule mwenye tai juu ya sweta? Hapana, yeyo, mama yangu. Hata unipe ng'ombe."

"Alikufanya nini?"

"Nilienda kama baba wa msichana mmoja. Akanipokea vizuri, chai, kiti. Akaniambia baba, kwa kuwa unampenda binti yako, njoo tujadili malezi. Nikajadiliwa mpaka jioni. Wiki iliyofuata nikaenda kama baba wa mwingine. Akanisalimia kama hajawahi kuniona, akanijadili upya, kisha akasema baba mwenye mabinti wengi hivi ana nguvu, akanipa jembe. Nimelima shamba la chuo mimi, dada. Mahindi yale pale, uliyala wewe."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Mtoto huyo mgongoni ni wa nani?"

"Wangu."

"Sasa wewe siyo mzazi?" akaniuliza, akachukua sindano yake.

Nilikaa pale kwenye benchi lake mpaka mchana, nimenuna. Nikanunua ndizi, nikala na Meshaki. Kengele ya saa saba ikalia kule ndani, nikaisikia. Na hasira zilivyozidi, nikaona basi, kama ni kufukuzwa, nifukuzwe nikiwa mtu mzima. Nikafungua mfuko wa nguo za mtoto, nikatoa kitenge, nikakifunga juu ya sare. Kingine nikajifunga kichwani. Saa nane kamili nikagonga mlango wa ofisi ya nidhamu, nikaingia bila kukaribishwa, nikasema:

"Mzazi nimekuja."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Mwalimu wa Nidhamu akainuka, akafunga kifungo cha koti, akanivutia kiti.

"Karibu, mama. Nilikuwa nakusubiri. Pole na safari."

"Nimetoka hapo getini."

"Pole sana. Nimekuita kuhusu binti yako, Naomi."

Niligeuka nyuma kuangalia kama kuna mtu. Hakukuwa na mtu. Sura yake ilikuwa kavu kama siku zote. Nikasikia mdomo wangu unauliza wenyewe, "Amefanya nini?"

"Anachelewa gwaride. Ana mdomo. Leo amekitupa kitabu cha serikali kwenye tope."

"Labda amechokozwa."

"Inawezekana. Lakini Fizikia haikumchokoza." Akakitoa chini ya meza. Alikuwa amekifuta tope na kukianika, kurasa zimevimba kama mandazi. "Umrudishie."

"Na darasani je?"

"Hesabu, ndiye wa kwanza. Kwenye umeme mwalimu wake anasema akishika waya anajua unakotoka na unakokwenda. Anaweza kuwapita wengi kwenye mtihani huu. Hukuwahi kuambiwa?"

"Hakuna aliyewahi kuniambia."

"Ndiyo maana tunaita wazazi."

Sikutaka kulia mbele ya mwanaume aliyevaa tai juu ya sweta. Nikamwambia kwa ukali, "Kama unajua ana akili, kwa nini unamfyekesha kila siku kwa sababu ya mlango ambao hajaufunga yeye?"

Akaangalia mikono yake. "Mama, mimi ni mwalimu tu. Mwanafunzi akichelewa namwadhibu. Mwanafunzi akilalamika, mkuu anasema hapangi ratiba. Mimi nikilalamika, na nimelalamika, mkuu ananiuliza kama nimeichoka kazi." Akafungua droo, akatoa karatasi nyeupe, akailaza mbele yangu na kalamu juu yake. "Ila mzazi akilalamika kwa maandishi, mkuu hana ruhusa ya kulizuia lalamiko hilo. Lazima lifike kwenye bodi ya chuo na lijibiwe. Sasa mimi nimeita wazazi muhula mzima. Wanakuja akina baba, wanaomba msamaha, wanaondoka. Mzazi, una malalamiko?"

"Ninayo mengi. La kwanza ni wewe."

"Andika. Hakuna atakayekuzuia."

"Ulipanga hivi tangu asubuhi?"

"Mimi nashughulika na nidhamu, mama. Mipango ni ofisi ya taaluma."

Mpaka leo sijapata jibu lingine zaidi ya hilo. Muhula ule ulipoisha alihamishiwa sekondari moja mjini, na sikuwahi kukaa naye tena ofisini. Watu wanasema alikuwa mtu mzuri. Mimi nasema mtu mzuri angeniita pembeni, akaniambia Naomi, fanya hivi na hivi, nikaelewa, bila kunifanya nikose chai na kutafuta baba wa kukodi barabarani. Nimeshamsamehe mambo machache. Hilo bado.

Alinyoosha mikono nimpe Meshaki ili niandike. Akampokea, akaenda naye dirishani, akanipa mgongo, akaanza kumwimbia wimbo wa taifa kwa sauti ya chini. Hata kwa sauti ya chini alianzia juu. Na mimi nikaandika, nikasaini, nikaipeleka barua mwenyewe mpaka mezani kwa mkuu wa chuo. Niliandika hivi:

Kwa Mkuu wa Chuo.

YAH: MALALAMIKO YA MZAZI KUHUSU CHUMBA CHA WATOTO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi wa Naomi, mwanafunzi wa sekondari hapo chuoni kwako. Nalalamika kwamba gwaride linaanza saa moja na nusu na chumba cha watoto kinafunguliwa saa mbili, halafu binti yangu anaadhibiwa kwa nusu saa ambayo chuo chenyewe kimeipiga kufuli. Ufunguo apewe mlezi wa watoto, au gwaride lisogezwe. Mkichagua mojawapo mimi sina neno. Msipochagua nitakuwa na maneno.

Pia namlalamikia Mwalimu wa Nidhamu. Anaimba vibaya na anapiga kelele kuliko watoto wote anaowaandika. Sitaki aondolewe. Nataka bodi ijue.

Mwisho, jina la binti yangu lipelekwe kwenye mtihani. Alipofukuzwa shule mara ya kwanza, mzazi aliitwa, akaja, akasema sawa, hakuuliza swali hata moja. Safari hii mzazi aliyekuja ni mimi, na mimi sisemi sawa. Nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi yako nasubiri jibu.

Mzazi wake.